Kijani cha Kilimo

Nilimchukia Mwantum tangu siku ya kwanza, na nisiambiwe kwamba marehemu hasemwi vibaya, maana hajafa. Yuko mtaani Buyenzi mpaka leo, anauza madaftari, na ulimi wake haujapoa.

Wakati ninaousimulia, mwisho wa 1994 na mwanzo wa 1995, kibanda chake kilikuwa Mutanga Sud, mwendo wa dakika tatu kutoka geti la kampasi. Wanafunzi tulimwita Mama Houda, kwa jina la binti yake mkubwa. Mumewe, Khaled, alikuwa fundi wa kujalidi vitabu. Alizishonea ofisi za serikali rejista zao kwa miaka mingi, hadi ugonjwa wa sukari ulipomuua. Mwantum akabaki na sindano, gundi na shehena ya kartoni za rangi, akaamua kuzitumia kwa wanafunzi. Alinunua madaftari kwa jumla katika maduka ya Rohero, akayabandua majalada ya kiwandani na kuyavika ya kwake, kila fani na rangi yake. Udaktari, nyekundu. Sheria, buluu. Uhandisi, manjano. Kilimo, kijani. Watu wa fasihi aliwapa nyeupe, akisema kwamba wanaoandika sana namna ile bila kupima kitu chochote hawastahili rangi.

Kwake hukuchagua kitu. Ulisimama mbele ya meza, akakuuliza mambo mawili tu: unasoma nini, na uko mwaka wa ngapi. Jina hakuuliza. Kwenu ni wapi hakuuliza, na katika mji ule, mwaka ule, hilo peke yake lilikuwa ajabu. Kisha alikufungia fungu lako. Wa udaktari alipewa daftari lenye ukurasa mmoja wa mistari na mmoja mtupu wa kuchorea mifupa, pamoja na penseli mbili, nyekundu ya ateri na buluu ya vena. Wa sheria alipewa daftari refu lenye pambizo pana, kwa kuwa hao, kwa maneno yake, wanabishana hata na mwandiko wao wenyewe. Wa uhandisi alipewa karatasi za milimita za kuchorea grafu, kalki za kunakilia ramani na penseli ngumu. Ukinyoosha mkono kugusa kisicho cha fani yako, alikuchapa vidole kwa rula. Nimemwona akimfukuza kijana wa sheria, mtoto wa mkubwa fulani, kwa kosa la kutaka kompasi.

Mimi nilikuwa naanza kilimo. Nilikuwa nimejiandaa kununua daftari kubwa na kalamu nzuri ya wino, nionekane mtu wa chuo kikuu. Mwantum alinisukumia kijidaftari cha kuingia mfukoni chenye jalada gumu la kijani, penseli iliyofungwa kwa uzi, na bahasha ndogo za kaki za kuwekea mbegu. Nilimwambia mimi si mtoto wa shule ya msingi. Akanijibu kwamba wino ni wa watu wanaosoma chini ya bati, na kwamba kama nataka kuonekana, ninunue suti. Watu waliokuwa nyuma yangu walicheka, nami nikalichukua lile fungu huku masikio yakiniwaka.

Kabla ya mwezi kwisha mvua ilitukuta kwenye mashamba ya majaribio. Wenzangu wenye kalamu waliona vipimo vyao vya wiki tatu vikigeuka uji wa buluu. Vyangu vilibaki. Hapo nikamchukia zaidi. Mtu anayekutukana akiwa amekosea unaweza angalau kumcheka.

Mwaka ulipogeuka, mji ulikuwa umekatwa vipande vipande na vita vya makabila. Kulikuwa na vizuizi barabarani na siku za ville morte, ambazo maduka yalifungwa kwa nguvu na anayetembea alitembea kwa hasara yake. Sitasema mimi ni kabila gani. Wanaotaka kujua hilo ni wale wale. Rangi nazo ziliingizwa kwenye vita: kijani ikawa ya chama kimoja, nyekundu ikawa ya chama kingine, na watu wakaanza kukaguana hata soksi. Shati la kijani lilianza kuonekana kwenye kamba ya nguo tu, baadaye hata huko likatoweka.

Mwantum alisikia yote hayo na kuyapuuza. Alikuwa Mswahili wa Buyenzi, mjukuu wa mtu aliyetoka Ujiji, na ugomvi ule alisema haukuanzia kwao. Aliendelea kubandika kijani kwa watu wa kilimo na nyekundu kwa watu wa udaktari, na watu wakaendelea kuvuka kampasi na madaftari hayo kwapani.

Alhamisi moja ya mwezi wa pili, Gaël na wenzake watatu walinisimamisha karibu na ngazi za kantini. Gaël alikuwa mwaka wa tatu wa udaktari, kijana nadhifu, na kila mtu alijua kundi lake linafanya nini. Aliniuliza kwa nini natembea na chama changu kwapani. Nilimwambia ni daftari la kilimo. Walicheka, kisha wakanipiga. Nilipoteza jino, na nilipokuwa chini Gaël aliuweka mguu wake juu ya mkono wangu wa kuandikia na kuanza kuukandamiza polepole, akiniangalia.

Hapo nikasema. Nilisema si mimi niliyechagua ile rangi, ni Mama Houda, yeye ndiye anayegawa, wakamuulize yeye.

Gaël aliinua mguu. Aliuliza kama anamgawia kila mtu. Nikasema kila mtu. Akaniuliza kama mtu anaweza kukataa rangi aliyopewa. Nikasema hawezi, yule mwanamke hakataliwi. Niliona jinsi alivyofurahi, na kwa maumivu niliyokuwa nayo sikujiuliza kwa nini.

Wiki iliyofuata nilikwenda kibandani, mkono ukiwa na bendeji. Nilitaka jambo moja tu: anitolee ile kijani, anivike buluu, nimalize mwaka nikiwa hai. Nilimweleza yaliyonipata, ila yale niliyoyasema nikiwa chini niliyaruka. Alinisikiliza huku akipaka gundi.

"Kilimo ni kijani," akasema. "Kama unaogopa majani, enda usome droit."

Nilimwambia sikuja kuhamia sheria, na kwamba ukaidi wake unalipwa kwa mifupa yangu. Akasema alikuwa akibandika kijani tangu alipofiwa na mumewe, na hakuna chama kilichowahi kumsaidia hata kununua gundi, basi hataomba ruhusa kwa vijana kuhusu rangi ya majani. Nikamwita mwanamke asiye na moyo. Akapiga rula mezani, ikanipita karibu na pua. Mpaka leo nasema kwamba katika ugomvi huo haki ilikuwa yangu. Ni rahisi kushika msimamo wakati anayeubeba njiani ni mwingine.

Tukiwa bado tunarushiana maneno, Gaël akafika na vijana wawili. Hakuwa na hasira. Alimsalimu Mwantum kwa heshima, akauliza hali ya watoto, akatoa karatasi iliyopigwa chapa na kuilaza mezani. Yalikuwa majina, kama sitini hivi.

"Mama Houda, hatuna maneno na we," akasema. "Kila mutu ya hii liste umupe kijani, hata kama anasoma médecine. Benyewe bengine, uwape rangi unataka."

Nilielewa mara moja. Mtu wa kijani, hata awe wa udaktari, angeonekana toka upande wa pili wa kiwanja, bila kuulizwa jina wala kwao, na siku ikifika asingehitaji kutafutwa. Nilitupia macho ile karatasi. Jina langu lilikuwa la tatu.

Mwantum aliisoma yote, taratibu, mpaka mstari wa mwisho. Kisha akauliza nani amewaambia kwamba yeye ndiye anayegawa rangi. Gaël alininyooshea kidevu.

Mwantum alinigeukia. Nilijifanya nahesabu bahasha za mbegu zilizokuwa mezani, na sikuinua macho mpaka alipoacha kuniangalia.

"Mi majina siulizi," alimwambia Gaël, akamrudishia karatasi.

Gaël alitabasamu, akaisukuma chini ya rula ya Mwantum na kusema Jumatatu watapita kuona. Walipoondoka nilitaka kusema neno. Mwantum alifunga dirisha la kibanda na kuniamuru nitoke.

Jumamosi na Jumapili alikaa nje ya kibanda na kisu cha Khaled, akabandua majalada. Yote: mekundu, ya buluu, ya manjano, ya kijani, meupe. Alipomaliza yaliyokuwa ndani, aliwatangazia wanafunzi wamletee na yale aliyokwisha kuwauzia. Habari ilienea haraka, kwa kuwa kila mmoja alikuwa na mtu wa kumhofia. Walipanga mstari na mafungu yao, yeye akayachuna mbele yao mmoja mmoja, akiwatukana kwa jinsi walivyoyachafua. Ile orodha aliwashia mkaa wa chai. Jumatatu asubuhi kampasi nzima ilikuwa na madaftari yaliyo uchi, gundi kavu na nyuzi zikionekana mgongoni, ya udaktari na ya kilimo, ya waliokuwa kwenye orodha na ya wasiokuwamo. Usingeweza kumtambua mtu mpaka umkaribie na kumfungulia kurasa.

Mchana Gaël na kundi lake walikuja na vyuma. Walikipindua kibanda, wakamwaga gundi barabarani, wakakusanya zile kartoni na kuzitia moto. Mwantum alisimama kando, mikono kifuani, akawatukana mmoja baada ya mwingine kwa fani zao: huyu atafeli anatomia kwa sababu hajui hata kuchonga penseli, yule hatakuwa mwanasheria kwa sababu pambizo zake hazijawahi kuandikwa kitu. Sijui kwa nini hawakumpiga. Mimi nilikuwa ng'ambo ya barabara, nyuma ya ukuta wa nyumba ya watu. Ningeweza kuvuka nikasimame naye. Sikuvuka.

Siku mbili baadaye nilipita getini katikati ya kundi la wanafunzi, daftari langu lililochunwa mkononi kama la kila mtu. Kijana mmoja wa Gaël alikuwa hapo anatazama mikono ya watu. Alinitazama akaniacha. Nililala Gasenyi kwa shangazi usiku mmoja, kisha nikavuka mpaka wa nchi kwenda Uvira. Baadhi ya waliokuwa kwenye orodha nao walitoka wiki hiyo. Wengine walisema watatulia waone, na yaliyowapata hao sitayaeleza hapa.

Nilirudi 2004, nikiwa na miaka thelathini na kitu na mvi za kwanza, nikajiandikisha upya kwenye fani ile ile. Nikaenda Buyenzi. Mwantum alikuwa akiuzia kwenye chumba cha mbele cha nyumba yake, amenenepa, miguu imevimba, na mstari wa wanafunzi ulifika barazani. Madaftari yote yalikuwa na jalada la kaki. Zamu yangu ilipofika akaniuliza ninasoma nini na niko mwaka wa ngapi. Nikajibu. Niliona kwamba amenitambua, kwa sababu mikono yake ilisimama kidogo kabla ya kuendelea.

Alinifungia kijidaftari cha mfukoni, penseli yenye uzi na bahasha za mbegu, bila kupunguza kitu. Miaka tisa nilikuwa nimeyapanga maneno ya kumwambia, nikayasema. Nilimwambia kwamba ni mimi niliyemtaja, na kwamba nilikuwa nyuma ya ukuta walipomvunjia kibanda. Alikaza kamba na kutafuta mkasi. Nikaongeza neno ambalo ningepaswa kulimeza. Nilisema nchi imeanza kupoa, sasa anaweza kuturudishia kijani chetu.

"Kijani uliuza we mwenyewe," akasema. "Mi niliuza karatasi."

Akalisogeza fungu langu pembeni ya meza nilichukue, na kumwita msichana aliyekuwa nyuma yangu.