Sumaku Ambazo Cherehani Hakuzichagua

Kama una haraka, jamaa yangu, vumilia kidogo, kwa sababu mwanamke ninayetaka kukupa habari zake hana haraka hata kidogo, na huko kutokuwa na haraka ndiko kulikozua ugomvi wote.

Mtaani tunamwita Cherehani. Mchana anashona sare za shule kwenye chumba kirefu chenye mafundi wengi na dirisha moja, na akitoka huko ana vipande vya uzi kwenye nywele mpaka anafika nyumbani. Lakini jina hilo hakulipata kwa kushona. Alilipata kwa mkono wake wa kulia akiwa ameshika gitaa. Anapiga metali, ule muziki ambao ukiusikia mara ya kwanza unadhani bati linang'olewa. Analaza ubavu wa kiganja juu ya nyuzi ili zisivume, kisha anazichoma kwa kasi, tap-tap-tap-tap, kila pigo limekaa peke yake kama tundu la sindano kwenye kitambaa.

Kundi lao ni la watu watatu, wote wa nyumba moja. Ngoma anapiga mdogo wake, ambaye kazi yake ni kukata nyama buchani, na mikono anayo kweli. Anayeimba ni mke wa huyo mdogo wake, yaani wifi yake Cherehani. Asubuhi wifi anafundisha watoto wa chekechea kuhesabu vidole kwa sauti ya asali. Jioni anashika maikrofoni na kunguruma kama lori linalopanda mlima na mzigo. Wakianza mazoezi kwenye banda la nyuma, vyombo vya mama yao vinacheza kabatini. Mpiga besi hawana. Basi uzito wote wa muziki uko kwenye gitaa la dada mtu.

Sasa nisikilize hapa, maana ndipo penyewe. Gitaa la umeme halina sauti ya kutosha peke yake. Chini ya nyuzi kuna sumaku mbili zilizoviringishiwa waya mwembamba kama unywele, na hizo ndizo zinazohisi uzi ukitetemeka, zikapeleka habari kwenye spika. Sumaku zikiwa mbovu, upige kwa ufundi wowote, habari inafika imeharibika, kama salamu iliyopitia kwa mtu mbea. Za Cherehani zilikuja na gitaa lenyewe, za bei ya chini, na kila akiongeza sauti zilipiga mluzi kama birika. Ilibidi zibadilishwe, hilo hakuna aliyebisha.

Ila yeye alikuwa anachagua. Metali ya siku hizi nyuzi zinalegezwa mpaka ule mnene unaning'inia kama kamba ya kuanikia nguo, na sumaku isipokuwa na adabu unapata uji mtupu. Kila Ijumaa akitoka kazini alipitia duka la vyombo vya muziki, akashusha gitaa moja ukutani, kisha jingine lenye sumaku za aina nyingine, akapiga kitu kilekile: uzi mnene, kwanza polepole kama anaubembeleza, halafu kwa wastani, halafu kwa nguvu zote. Anasikiliza. Anarudisha. Anashusha lingine.

"Dada," muuzaji alimwambia siku moja, "hata mume hukumchagua hivi."

"Ndiyo maana nilimrudisha kwao," akajibu.

Alikuwa amebakiza jozi mbili za kuamua kati yake. Na Jumamosi ile palikuwa na onyesho la mchana la makundi kadhaa, na kwa mara ya kwanza wangepiga wimbo alioutunga yeye mwenyewe, mwaka aliotoka kwenye ile ndoa. Katikati ya wimbo kuna mahali ngoma zinapungua na gitaa linanong'ona, kisha linapanda taratibu kwa nguvu za mkono tu mpaka linakuwa kipigo. Hakiguswi kitufe, hakiguswi chochote. Mkono tu. Wimbo wote umesimama juu ya mahali hapo.

Jumatano akarudi kutoka kazini, akakuta mdogo wake, wifi na mama yao wamejipanga sebuleni kama wanaosubiri kupigwa picha.

"Fumba macho, dada."

"Nimechoka."

"Fumba tu!"

Alipofumbua, gitaa lake lilikuwa mezani, na chini ya nyuzi zake zimekaa sumaku mpya, nyeusi, zinang'aa kama viatu vya bwana harusi.

"Kali kuliko zote dukani," mdogo wake alisema huku akijipigapiga kifua. "Fundi wa redio amezifunga leo. Ameniambia metali ya kisasa haitaki mchezo. Nimekuokoa, dada. Ungechagua mpaka uzeeke. Mchagua jembe si mkulima!"

Cherehani alibeba gitaa mpaka bandani, akachomeka waya, akabembeleza uzi mnene kwa ncha ya kidole. Spika ikalia kwa kishindo. Akapiga kwa wastani. Kishindo kilekile. Akapiga kwa nguvu zote. Kilekile, hakikuongezeka wala kupungua, kama mtu anayejibu "ndiyo" kwa kila swali. Akapiga ile tap-tap-tap yake ya haraka, na vile vitundu vyote vikayeyuka vikawa mtaro mmoja wa matope.

"Umesikia?" mdogo wake akafurahi mlangoni. "Nguvu!"

Hapo ndipo Cherehani alipofura.

"Mkono wangu uko wapi?"

"Nini?"

"Nimeuliza, mkono wangu uko wapi humu ndani? Nikigusa, inapiga kelele. Nikigonga, inapiga kelele ileile. Mtu yeyote anaweza kupiga hili! Wewe unaweza! Paka anaweza akipita juu yake!"

"Dada, si umesema unataka zisizopiga mluzi? Hizi hazipigi."

"Na maiti hapigi chafya! Nani amekutuma? Kwenye bucha lako nikija nikakubadilishia kisu ukiwa msalani, utanishukuru?"

Wifi alijaribu kuingia kati. "Wifi, amefanya kwa upendo..."

"Wewe nyamaza, kungurumia watu ndiyo kazi yako, lakini hii siyo saa yake."

Mama yao akaja na khanga begani. Akasema yale wanayosema akina mama: kwamba zawadi haikataliwi, kwamba mtoto amejinyima, kwamba Jumamosi siyo mbali na hasira ni hasara.

"Mama, na furaha yenu imeniletea faida gani?" Akachomoa waya wa gitaa. "Ningekuwa mwanamume anayenunua viatu, mngeniacha nivijaribu kwa miguu yangu mwenyewe."

Wanasema mama alirudi jikoni akakaa na sufuria tupu mapajani.

Kesho yake Cherehani aliomba ruhusa kazini, akamshika mdogo wake mkono kama anayepeleka mtoto kupigwa sindano, wakabeba gitaa, wakaenda kwanza dukani kuzirudisha. Muuzaji akazifungua zile sumaku, akazigeuza, akatikisa kichwa: fundi alikuwa amekata nyaya zake fupi ili zikae vizuri, na zikishakatwa hazirudishwi. Wakaenda kwa fundi wa redio.

"Lakini dada, metali si kelele?" fundi akashangaa.

"Na redio siyo kelele? Mbona ikikwaruza unaitengeneza? Sumaku zangu za zamani ziko wapi?"

Zilikuwa kwenye kopo la misumari. Alizipangusa kwa upindo wa gauni lake, akaziweka ndani ya pochi, akashika njia mbele. Mdogo wake alikuwa nyuma hatua tatu nne, akitafuta la kusema na kulimeza.

Walipofika nyumbani alitoa mishumaa kwenye droo.

"Umezing'oa wewe," akamwambia, "utazipika wewe."

Alikuwa amesikia kwa wapigaji wenzake kwamba mluzi unatokana na ule waya mwembamba kulegea na kutetemeka ovyo sauti ikipanda, na kwamba ukiugandisha kwa nta ya mshumaa unatulia. Basi wakaweka sufuria ndogo ndani ya sufuria kubwa ya maji ya moto, moto mdogo, mishumaa ikayeyuka taratibu, na mkata nyama mzima, mwenye mabega kama mlango, akasimama ameinamia jiko, ameshika uzi uliofungiwa sumaku iliyozama ndani ya nta, kama anayevua samaki kwenye chungu. Vipovu vya hewa vikatoka kwenye sumaku, kimoja kimoja.

"Nitoe?"

"Vimeisha?"

"Bado."

"Basi unauliza nini?"

Mama yao alichungulia. "Sasa humu ndani mnapika sumaku?"

"Mwulize mwanao aliyejinyima," Cherehani akajibu, lakini nadhani hapo hasira ilikuwa imeanza kupata pa kukaa.

Vipovu vilipokwisha walizitoa, wakazipangusa, na Ijumaa fundi akazirudisha ndani ya gitaa huku Cherehani amesimama nyuma ya shingo yake kama msimamizi wa mtihani. Hazikuwa zile alizotaka. Zilikuwa dhaifu, na sauti zake za chini nyembamba kidogo. Lakini alipogusa zilinong'ona, na alipogonga zilijibu, na mluzi ulikuwa umenyamaza.

Jumamosi ukumbi ulikuwa na watu wengi kuliko viti. Wimbo wa kwanza ukaenda, wa pili ukaenda, wifi akanguruma mpaka mzazi mmoja wa chekechea aliyekuwa mstari wa mbele akaonekana kufikiria upya ada anayolipa. Kisha wimbo wa Cherehani. Walipofika pale katikati, ngoma zikapungua, naye akashusha mkono. Nilikuwepo, nilisimama karibu na mlango. Gitaa lilinong'ona, na watu wanaopenda kelele kama wale wakanyamaza, kila mmoja anamnyamazisha mwenzake. Likapanda. Tap, tap, tap, ungeweza kuyahesabu mapigo. Likapanda tena. Na pale ngoma zilipotakiwa kurudi, hazikurudi. Mpiga ngoma alikuwa amekaa na fimbo hewani, mdomo wazi, anamtazama dada yake. Cherehani akakirudia kipande hicho mara moja zaidi kumsubiri, akamkata jicho, ndipo ngoma zikaanguka, na ukumbi ukalipuka.

Watu walipokuwa wanatoka Cherehani alimfuata mdogo wake penye ngoma.

"Umechelewa kuingia."

"Nisamehe, dada. Nilikuwa nasikiliza." Alikuwa anafuta jasho kwa mkono wa shati. "Kumbe pale katikati kuna kitu unapiga."

"Kitu gani?"

"Kile kinachopanda. Sikujua kama kipo. Nilidhani pale unapumzisha mkono."

Jamaa yangu, nilikuwa nimesogea mbele, nikadhani angecheka. Nilidhani ndio mwisho wa ugomvi. Lakini niliona uso wa Cherehani unabadilika, na safari hii hakupiga kelele.

"Tangu niutunge wimbo huu tumefanya mazoezi banda moja," alisema. "Umekaa nyuma ya mgongo wangu. Hujawahi kunisikia?"

"Ngoma ziko masikioni mwangu, dada. Nakuona mkono tu unakwenda. Nasikia kelele, nakwenda nayo."

"Na bila kunisikia ukaenda kunichagulia sauti."

Wifi aliyekuwa anakunja nyaya akaziacha zilivyo. Mwenye ukumbi alikuwa anapandanisha viti na kutikisa funguo ili wenye kuelewa waelewe.

Cherehani akanyoosha mkono. "Lete fimbo."

"Za nini?"

"Lete."

Akampa. Dada mtu akaziweka sakafuni, mbali. Akaburuta kiti kimoja kutoka kwenye rundo la mwenye ukumbi, akakitua mbele ya spika.

"Dada, tunafunga," mwenye ukumbi akasema.

"Funga madirisha kwanza. Mlango mwisho." Kisha kwa mdogo wake: "Kaa."

Akakaa, magoti pamoja, mikono yake mikubwa haijui pa kwenda bila fimbo.

"Wiki ijayo nitakwenda dukani kuamua kati ya zile jozi mbili," akamwambia, "na wewe hutakuja. Bado nimekukasirikia. Usidhani yamekwisha."

"Sidhani."

"Usitikise kichwa. Usigonge mguu. Ukigonga mguu nitaanza upya."

Akalaza ubavu wa kiganja juu ya nyuzi, akaanza wimbo tangu mwanzo, gitaa peke yake, katika ukumbi mtupu.