Mkono wa Hafidha, Jicho la Shangazi

Asubuhi bado mbichi katika maabara ya malaria, na Hafidha Mwinyimvua hataki kusemeshwa. Ameshika sindano. Chini ya lenzi amelala mbu. Anamvuta kichwa taratibu, na tezi za mate zinatoka nzima, bila kuchanika. Hapo ndipo anapopumua.

“Niwie radhi kaka, sikukuitikia salamu,” anamwambia mwandishi. “Ukishika sindano, ulimi ulale. Ndivyo nilivyofunzwa.”

Tezi hizo atazitia rangi inayong'aa, kisha atazipeleka chumba cha giza, kwenye hadubini ya leza. Mashine hiyo huzipiga picha tabaka kwa tabaka, kama mkate wa slesi. Kompyuta huzipanga upya picha hizo, na tezi nzima, pamoja na vimelea vya malaria vilivyomo, ikaweza kugeuzwa huku na huku kwenye kioo chake. Tezi ikichanika, kazi imeharibika.

Aliyemfunza kushika sindano ni shangazi yake, Bi Ashatu wa Zinga. Alimlea tangu mama yake alipofariki, akamsomesha kwa kushona kofia za mkono, zile za vitundu vidogo vidogo.

“Baada ya Mungu, ni shangazi,” anasema Hafidha, machozi yakimlengalenga. “Sina cha kumlipa.”

Mwaka huu mtoto wa jicho amemzidi Bi Ashatu, sindano kaiweka chini. Daktari wa hapa Bagamoyo alimwambia upasuaji utamrudishia nuru. Akakataa katakata: heri apofuke kuliko kutiwa chuma jichoni. Hafidha alibembeleza, akanuna, akasusa hata chakula. Wapi!

Mwezi uliopita, maabara ilipokaribisha jamaa za wafanyakazi, akamleta. Habari za macho hakuzigusa. Alimkalisha tu mbele ya kioo, tezi ikizunguka pale, kubwa kama papai, inawaka kijani.

Bi Ashatu alisogea mpaka pua ikakaribia kugusa kioo.

“Hiki umekitoa wapi, mwanangu?”

“Ndani ya mbu, shangazi. Ni kidogo kuliko kitundu cha kofia.”

“Kwa mkono huu huu?” Akaushika, akavipapasa vidole kimoja kimoja. “Na hukukichana?”

“Sikukichana.”

“Na huyo daktari wa macho, naye kafunzwa hivi?”

“Kunishinda mimi, shangazi.”

“Haya. Nitakwenda.”

Upasuaji ni wiki ijayo. Hafidha ameshanunua kitambaa na uzi mweupe, kavificha kabatini, akiomba Mungu shangazi ashone tena.

Bi Ashatu ana sharti moja tu, na Hafidha ameapa kulifikisha: “Mwambie daktari, akishika sindano asizungumze.”