Kichupa Kilichopita cha Dama

Nakumbuka siku moja huko Tezo, mwanangu, nilipomwonea Dama wivu hata chai ya asubuhi ikanishinda kumeza. Sote wawili tulikuwa wasichana wa kazi kwenye shamba la bata mzinga. Madume wale walikuwa wazito mno, wakiwapanda majike huwachana migongo, kwa hiyo tuliwakamua shahawa kwa mkono, kisha tukawatilia majike. Usicheke, kazi hiyo ndiyo iliyonilisha.

Dama alikuwa na mkono mwepesi. Kila siku kichupa chake cha shahawa kilijaa kupita changu, na mzee Karisa, msimamizi wetu, alimsifu mbele yangu: “Huyu ndiye atakayeshika nafasi yangu nikistaafu.” Nafasi ile niliitaka mimi. Nilimchukia Dama kwa vidole vyake, na hata kwa kicheko chake, ambacho hakikuwa na kosa lolote.

Asubuhi hiyo alipokwenda kunawa, nikatia maji ya mtungi katika kichupa changu, kikapita chake. Mzee akafurahi, akaamua changu ndicho kitumike kwa majike wapya wote. Cha Dama kikamwagwa, maana shahawa hizo hazikai hadi kesho. Nilirudi nyumbani nikiimba.

Mayai ya majike wale yalipokaa siku kumi kwenye mashine ya kuangulia, tuliyamulika kwa taa kuona kama vifaranga wanakua ndani. Yote matupu. Dama, ambaye ndiye aliyewashika majike nikiwatilia, akaanza kulia akidhani aliwaumiza. Hapo nikashindwa, nikasema kweli.

“Ala! Binti, kwani huu ni mnazi wa kuuza kilabuni, uongeze maji uwe mwingi?” mzee akafoka. “Shahawa za ndege zina chumvi kwa kipimo chake, zina protini, na sukari kidogo mno. Ukizitia maji matupu, mbegu huvimba zikapasuka. Umeua kila kitu!”

Dama hakunitukana. Alinipa ncha ya leso yake nifute machozi, na hilo liliniuma kuliko ukali wa mzee. Nafasi aliipata yeye, nami nikafanya kazi chini yake miaka mingi. Mpaka leo akisifiwa, kijicho hunichoma kidogo. Sikufichi.

Basi mwanangu, mwenzio akikushinda, mwambie akuonyeshe anavyofanya. Wivu utakuja tu, lakini usiuache ukushikie kichupa. Mungu akubarikie kilicho chako hata kikiwa tone moja, na kila yai utakalolimulika ulikute lina uhai.