Kikapu cha Kamba za Nei Rotia

Usiku ule Nei Rotia hakulala. Aliketi juu ya mkeka, mgongo ameuegemeza mlangoni, akisikiliza maji.

Mumewe, Baraniko, alikuwa ametoka asubuhi na ngalawa kumpeleka binti yao Meere kucheza ngoma harusini, kwenye kisiwa cha ng'ambo. Walisema watarudi kabla ya jua kuzama. Jua likazama, na shelisheli alilowachomea likapoa jivuni.

Tiangoa, dada yake Baraniko, alikuja kukaa naye.

"Kaka yangu akiona chakula cha harusi hanyanyuki, wifi," alisema. "Si hata wewe ulimwokota harusini?"

Rotia akatabasamu kidogo. Alikuwa mtu wa wasiwasi tangu ujana wake. Hata ule mlango aliutaka yeye, katika kijiji ambacho nyumba nyingine zote zilikingwa kwa mikeka tu. Baraniko aliuunda kwa mbao za ngalawa kuukuu ya marehemu baba yake, na majirani wakamtania Rotia kwamba anaifungia nje bahari. Lakini aliupenda mlango wake, na aliyeuunda pia.

Tiangoa alipoanza kusinzia, Rotia aliinuka kumtafutia shuka. Pale pembeni mkono wake ukagusa kikapu cha kamba. Kilikuwa kimejaa.

Akasimama palepale. Kamba zile alizisokota yeye. Makumbi ya nazi aliyafukia topeni ufukweni miezi mingi, akayaponda, akausokota usumba, zile nyuzi zake, juu ya paja mpaka ngozi ikawaka moto, ili Baraniko aufunge upya mrengu, ule mti wa ubavuni unaoizuia ngalawa isipinduke. Na Baraniko alimwambia kazi imekwisha. Kama kamba zimo kikapuni, mrengu umefungwa na nini? Akatazama ukutani. Uzi wa nailoni wa kuvulia haukuwepo kwenye msumari wake.

Kijijini hapo kila mtoto ajua kwamba usumba ukilowa hukaza, na nailoni ikilowa huteleza. Ila kufunga kwa usumba kwataka siku nzima ya kukaa kitako na kuvuta kwa meno, na Baraniko hakuwa mtu wa kukaa kitako.

Alimwamsha wifi yake, akamweleza. Tiangoa hakutania tena. Alisema kaka yake ni mvivu lakini ni samaki majini, kisha akasogea, wakakaa bega kwa bega.

Kulipopambazuka wakasikia miguu mchangani, kisha kikohozi. Rotia alikijua kikohozi kile. Machozi yakamtoka kabla hajainuka.

"Mama Meere, tufungulie."

Mkono wake ulishafika kwenye komeo. Ukatulia hapo.

"Mrengu uliufunga na nini?"

Aliyejibu ni Meere, sauti imemkauka lakini ina kicheko ndani yake.

"Na mkanda wangu wa ngoma, mama."

Akamsimulia huku mlango ungali umefungwa. Wakati wa kurudi, katikati ya maji, nailoni iliteleza, mrengu ukachomoka, ngalawa ikapinduka. Waliushika mrengu usiwapotee, wakaning'inia ubavuni mwa ngalawa mpaka mkondo ukawatupa kwenye fungu la mchanga. Kiunoni Meere alikuwa na mkanda ambao mama yake alimsokotea kwa usumba alipoanza kucheza. Waliufumua, baba yake akafunga mrengu gizani kwa kupapasa, wakapiga kasia polepole hadi nyumbani.

"Mkanda haukulegea hata kidogo," Baraniko alisema. "Nimekoma, mke wangu."

"Hajakoma, amelowa tu," Tiangoa alisema kutoka ndani.

Rotia akajifuta macho kwa kiganja. Alikwenda pembeni, akakibeba kile kikapu, akakiweka kizingitini, mahali ambapo mtu hawezi kuingia bila kukiinua. Kisha akaondoa komeo, akavuta mlango.