Nilivyomlilia Papa Saidi

Mnicheke, lakini msikilize kwanza. Wakati wa uasi, kila juma Kisangani tulizika mtu, na matawi ya mchikichi mbele ya kiwanja ndiyo yaliyotangaza matanga. Asubuhi moja nikayaona kwa jirani yangu, Papa Saidi, na wanaume wameketi kimya. Sikuuliza. Niliingia nikipiga mayowe, "Papa Saidi, umetuachia nani?" Nikajitupa juu ya matawi, nikagaagaa. Chini palikuwa laini mno.

Papa Saidi akatokea nyuma ya nyumba, matope hadi viwikoni. Akaniinua polepole.

"Mama Aziza, tunajenga nyumba ya mutoto wangu hapa katikati yetu. Ile matawi ilikuwa ya kufunika matofali mabichi, jua isipasue. Hapa hakuna mutu alikufa, mama. Ni matofali tu, na ni weye umeiua."