Nyumba Inayoonekana Kutoka Barabarani

Kwa miaka kumi na minne, Jairus Momanyi alikuwa akirudi nyumbani mwaka kesho. Alisema hivyo harusini, akasema matangani, akasema kanisani kila mchungaji alipouliza nani ana neno la shukrani. Wakenya wa Woodbury, Minnesota, walimzoea hata wakampa jina, Bwana Mwaka Kesho. Mwenyewe hakuwa na habari nalo, maana walimcheka akiwa hayupo, na mbele yake walimuuliza kwa adabu nyumba imefika wapi.

Nyumba ilikuwa Nyamira, kwenye kilima cha marehemu babake, na ilikuwa imefika juu. Huko ndiko Jairus alikotaka ifike. Jirani yake wa kule, mwalimu mstaafu, alijenga nyumba ya kawaida ya mabati mekundu, isiyo na ghorofa, na Jairus alipoiona kwenye picha alicheka mpaka akafuta machozi. Mtu hawezi kuvumilia baridi ya Minnesota miaka ishirini na saba, alisema, halafu akarudi kujenga kitu kilichojificha nyuma ya migomba. Yeye alitaka nyumba inayoonekana kutoka barabara ya lami. Akamwagiza binamu yake Gilbert, aliyesimamia ujenzi, aongeze ghorofa. Ghorofa ilipokwisha akamwagiza aongeze nyingine. Gilbert hakuwa mtu wa kubishana na Marekani.

Kichekesho chenyewe ni kazi aliyoifanya Jairus. Alikuwa msaidizi wa tiba ya viungo katika nyumba moja ya wazee mashariki mwa Saint Paul, na pale hakuna mzee aliyeruhusiwa kurudi kwake kabla makazi yake hayajakaguliwa. Aliyetumwa kukagua ni Jairus. Alikwenda na tepu yake ya kupimia na fomu ya kurasa mbili: ngazi ni ngapi, mlango wa choo una upana gani, kuna cha kushikilia, nani atamwinua mzee akianguka. Mwisho wa fomu palikuwa na mstari mmoja wa kuandika Salama au Si salama, kisha sahihi. Mstari ule ulimpa Jairus kichwa kikubwa. Aliwahi kumzuia jaji mstaafu kwa sababu ya zulia la sebuleni, na familia nzima ilipolia, alikunja tepu yake akaondoka.

Na alikuwapo Bwana Halvorsen, mzee wa miaka themanini na tisa, aliyekuwa na nyumba ndogo ya mbao karibu na ziwa. Mlangoni palikuwa na ngazi tatu. Jairus alizipima, akaandika Si salama, na Bwana Halvorsen akabaki kwenye chumba chake akitazama maegesho ya magari kwa miezi minane, mpaka Februari alipofariki. Kisa hiki Jairus alikisimulia kwenye karamu, kuonyesha jinsi wazee wa Kizungu walivyo na vichwa vigumu. "Ngazi tatu," alisema, akiinua vidole vitatu. "Nikamwambia, mzee, sheria ni sheria." Watu walicheka. Mke wake Nkatha, aliyekuwa nesi katika nyumba ileile ya wazee, kila mara kisa kilipofika hapo aliinuka kwenda kuongeza chai.

Mwaka huu, basi, mwaka kesho ulifika. Jairus alipeleka barua ya kustaafu, akakata tiketi mbili za Agosti, akakodi kontena kwenye yadi moja katika mji wa Savage, karibu na mto. Kila Jumamosi rafiki yake Cyrus alikuja na pikapu nao wakabeba. Walibeba makochi ya ngozi, friji ya milango miwili, na meza ya watu kumi na wawili ambayo haikuwahi kukaliwa na zaidi ya wanne. Walibeba hata mashine ya kuondolea theluji.

"Mzee, hii nayo?" Cyrus aliuliza, ameshika mpini. "Kwani Nyamira kuna snow?"

"Hiyo ni engine ya nguvu. Haiwezi kukosa kazi."

"Kazi gani?"

"Wewe beba."

Kontena lilijaa, lakini ndani yake hamkuwa na kitu hata kimoja cha Nkatha. Hakuwa amefunga hata sanduku. Alikuwa Mmeru, na Kikisii alichojifunza kwa wakwe kilitosha kusalimu na kukataa sahani ya pili, ila hilo halikumsumbua. Kilichomsumbua ni magoti. Novemba iliyopita alibadilishwa goti la kulia, na la kushoto lilikuwa likingoja zamu. Jairus alipomuuliza kama wanakwenda pamoja, alijibu, "Tutaona." Aliyeoa miaka thelathini na tano iliyopita anajua "tutaona" ni jibu gani. Jairus alijitia hamnazo mchana kutwa, lakini usiku aliitoa ile tiketi ya pili akaitazama. Alimpenda mke wake, na alimwogopa kidogo. Hakutaka kukaa ndani ya nyumba ile hata wiki moja bila yeye.

Kwa hiyo akaamua kumshinda mbele ya watu. Angefanya karamu ya kuagana, awaonyeshe wageni video ya nyumba, wageni wapige makofi, na Nkatha angeona haya kusema "tutaona" watu wote wakimtazama. Aliuona mpango huu kuwa wa busara sana.

Wageni walijaa Jumamosi ya pili ya Juni. Palikuwa na pilau, palikuwa na mukimo, palikuwa na chapati nyingi. Jairus alivaa shati la kitenge alilolinunua kwa ajili ya kushukia uwanja wa ndege, akaombewa, akasifiwa, akaitwa mfano wa kuigwa na watu waliomcheka wakiwa njiani kuja. Halafu akamwambia binti yake, Shekinah, aunganishe simu na televisheni.

"Okay, Dad, it's playing," Shekinah akasema, akarudi kwenye chapati yake.

Gilbert ndiye aliyekuwa akiongoza kwenye video, ndugu yake mmoja akimpiga picha kutoka nyuma. Aliwapandisha ngazi pana za mbele, akawaingiza sebuleni kwenye taa ya kuning'inia iliyoshuka kutoka ghorofa ya pili, akawapeleka juu kwenye vyumba saba na roshani yenye nguzo nyeupe. Kutoka pale barabara ya lami ilionekana yote. Na barabara nayo inatuona, Gilbert akasema, akimaanisha lori lililopunguza mwendo ili dereva atazame. Makofi yalipigwa. Mtu akamsifu Mungu. Jairus akamgeukia mke wake na meno yote nje.

Nkatha hakuwepo kwenye kiti chake. Alikuwa akitoka chumbani polepole, miwani puani, mkononi karatasi mbili zilizobanwa kwenye ubao. Nusu ya waliokuwa sebuleni walifanya kazi katika nyumba za wazee, nao waliitambua ile fomu kabla hajaketi. Vicheko vilianza jikoni vikaja hadi mbele.

"Baba Shekinah," Nkatha alisema, akiunyosha mguu wake juu ya stuli. "Rudisha mwanzo. Nataka kuijaza hii."

"Mgonjwa ni nani?" Jairus akauliza, bado akitabasamu.

"Ni wawili. Mmoja ana miaka sitini na nane na pressure. Mwingine ana goti la chuma. Ngazi za nje ni ngapi?"

"Chache tu."

"Hapa hakuna mahali pa kuandika chache."

Shekinah alirudisha mwanzo, na sasa hakuna aliyeila chapati yake. Gilbert alipoinua mguu, sebule nzima ikahesabu kwa sauti, watoto kwa Kiingereza na wakubwa kwa Kiswahili, mpaka kumi na moja. Ndani wakahesabu tena, ngazi zilizojipinda zikizunguka ile taa, wakafika kumi na tisa, na hiyo ilikuwa ghorofa ya kwanza tu.

"Cha kushikilia kiko wapi?" Nkatha akauliza.

"Fundi alisema kitaharibu sura ya ngazi."

"Nani alikubali?"

"Mimi," Jairus akasema.

Nkatha akaandika. Vigae vya sakafu viling'aa hata Gilbert, aliyevua viatu kwa heshima, alikuwa akitembea mikono imetandazwa kama mtu anayevuka mto juu ya gogo. Hilo nalo likaandikwa. Kisha Gilbert akafika kwenye choo cha chumba kikubwa. Alikuwa mnene kidogo, si sana. Alisimama mlangoni, akafikiri, akaingia ubavu. Sebule ililipuka. Cyrus alilia kwa kicheko akashikilia ukuta.

"Sentimita sitini," Nkatha akasema. "Ningesema hamsini na nane, lakini Gilbert ni ndugu yenu. Chini kuna chumba cha kulala?"

"Vyote viko juu."

"Mgonjwa akianguka, nani atamwinua?"

"Mimi."

"Na ukianguka wewe?"

Jairus alilitazama goti la mke wake, na wote waliokuwa pale wakalitazama pamoja naye. Kicheko kikaisha chenyewe. Nkatha akampa ubao na kalamu.

"Umebaki mstari wa mwisho, na huo ni kazi yako. Ukiandika Salama ukatia sahihi, kesho nafunga sanduku. Nitapanda hizo ngazi kila siku na hutanisikia nikilalamika. Hawa wote ni mashahidi."

Neno moja lilitosha. Jairus aliona ndege, akaona roshani, akamwona Nkatha ameketi kando yake kwenye mojawapo ya vile viti kumi na viwili. Mkono ulitaka sana kuandika. Lakini katika miaka ile yote alikuwa ameinua wanawake wengi wazee kutoka sakafuni, alijua wanavyoshika kola ya anayewainua na wanavyoomba radhi kana kwamba wamekosa, na hakuweza kuizuia akili yake kumweka Nkatha chini ya zile ngazi kumi na tisa. Aliandika Si salama. Akatia sahihi yake ileile kubwa yenye mkia.

"Kwa hivyo ni mwaka kesho?" Cyrus akauliza, maana mdomo wake haukujua kunyamaza.

Watu walicheka kupita kiasi, na katika kicheko kile Jairus akaelewa, akiwa amechelewa miaka kumi na minne, kwamba lile lilikuwa jina lake. Aliona uchungu. Aliwaaga wageni mmoja mmoja, akawafungia chapati zilizobaki, akavua shati la uwanja wa ndege.

Asubuhi, kabla ya kanisa, alimpigia Gilbert na kuiweka simu mezani, sauti wazi.

"Gilbert, chini kuna nini?"

"Sebule, jikoni, na ile taa."

"Kingine?"

Gilbert alisita. "Kuna kile chumba cha mlinzi cha nyuma, tulichojenga kwanza ili vifaa visiibiwe. Siku hizi tunaweka mahindi. Usijali, ndugu yangu, hakionekani kutoka barabarani hata kidogo."

Nkatha aliyekuwa kwenye sinki akafunga maji. "Shemeji, mlango wake una upana gani?"

"Mkokoteni unaingia na magunia yake, mama."

"Sakafu?"

"Saruji tu. Vigae viliisha."

"Na choo?"

"Kiko mlango wa pili, hatua nne. Ni cha mlinzi lakini ni cha kukalia. Kuna kidato kimoja tu cha ngazi pale nje, kidogo."

Nkatha akafuta mikono. "Mahindi yapelekwe juu," akasema. "Kwenye chumba chenye roshani."

Huko Nyamira Gilbert alikuwa bado akijiuliza kama amesikia vizuri. Jairus naye alifikiria nguzo zake nyeupe zikiyalinda magunia mbele ya barabara yote ya lami, akafikiria yule mwalimu mstaafu akipita kwa miguu na kuinua macho, na shavu likapata moto. Halafu akasikia kutoka chumbani kitu kikiburutwa kwenye zulia. Lilikuwa sanduku la mke wake, lile la kijani.

Alimfuata mbio. Nkatha alikuwa amelifungua juu ya kitanda na kuanza kukunja nguo, sweta chini, madera juu. Jairus aliketi kando ya sanduku kwa furaha iliyomfanya apige domo bila breki. Wangetoboa dirisha kubwa upande wa migomba. Wangeweka kitanda kilichoinuka kidogo kwa ajili ya goti. Kochi moja la ngozi lingeenea.

"Na hicho kidato cha nje ni ubao tu," alisema. "Gilbert atakata ubao, ataulaza pale, basi. Kwani mtu anazuiwa kurudi kwake kwa sababu ya kidato?"

Nkatha aliacha kukunja.

"Bwana Halvorsen aliniuliza habari ya ubao," akasema. "Mara mbili. Mwanawe alikuwa seremala. Nilikuja nikakuambia."

Jairus alitazama mikono yake. Alikumbuka. Walikuwa kwenye korido karibu na mashine ya barafu, na yeye alikuwa na haraka ya kwenda kula.

"Ulinijibu nini?" Nkatha akauliza.

Jibu lile alikuwa amelitoa kwenye karamu ngapi, vidole vitatu juu, watu wakishika mbavu.

"Nilisema sheria ni sheria."

Nkatha akarudi kwenye sanduku. "Nipe hizo soksi," akasema.

Jairus akampa, moja moja.