Niliona Aibu Kumuuliza Baba Mkwe Mara ya Pili

Leo ni tarehe mbili Novemba, mwaka mmoja na miezi miwili tangu niondoke nyumbani Mabamba. Admin, nifichie jina. Nina miaka thelathini na nne, mke na watoto watatu niliowaacha huko, shule niliishia kidato cha pili. Napasua mbao kwenye karakana moja hapa Kasulu inayotengeneza mizinga ya nyuki, na mgongo umechoka.

Mwaka huu bosi wetu, mama mmoja mkali, aliniongezea kazi ya kompyuta. Kuna programu inayopanga mbao za nani zipasuliwe wiki hii na za nani zisubiri. Mteja wa muda mrefu anaandikwa oda yake yote mara moja, lakini kila mwezi lazima athibitishe kwa simu fungu la mizinga ya mwezi huo. Asipothibitisha, nafasi yake anapewa mwingine. Kikundi cha wafugaji nyuki cha kijijini kwetu kiliagiza mizinga mia tatu, na mwenyekiti wake ni baba mkwe wangu. Bosi akasema, "Hawa si wakwe zako? Utawapigia wewe."

Mwezi wa kwanza nilipiga. "Shikamoo baba. Fungu la mwezi huu bado mnalihitaji?"

"Marahaba. Mwanangu, nilishasema mia tatu. Ulipokuja kuposa, nilikuuliza mara ngapi kama bado unamtaka binti yangu?"

Nilicheka, nikaaga. Fungu lile likatengenezwa, likaenda. Ila kwetu mkwe hamhoji baba mkwe neno alilokwisha kulisema. Mwezi uliofuata nilishika simu nikairudisha mfukoni. Wa tatu hivyo hivyo, na wa nne. Kumthibitishia mteja ambaye hajasema, bosi alishatukataza. Akiniuliza namjibu, "Nimepiga, hawajajibu." Nilijua nadanganya. Nafasi zao zikagawiwa wateja wengine mpaka mwakani. Miti ikachanua, makundi ya nyuki yakapita bila mizinga ya kuingia, na watu wetu walikuwa wameshasafisha msitu wanasubiri mizinga.

Walipolalamika, bosi akawaandikia barua kwamba mwenyekiti wao hakuthibitisha. Ikasomwa mbele ya kikundi. Mzee akasimama akasema, "Hakuna aliyenipigia." Mmoja akamjibu, "Mzee, kichwa kimechoka hicho, kaa chini upumzike." Watu wakacheka. Sasa wanataka kumvua uenyekiti, na tangu siku hiyo hatoki nje ya ua wake.

Juzi mke wangu alinipigia. "Baba watoto, niambie mimi tu. Baba ulimpigia au hukumpigia?"

Nikasema nilimpigia.

"Basi baba yangu amekuwa mwongo uzeeni," akasema, akakata simu. Tangu hapo hapokei.

Kikundi kimeniita kwenye mkutano wa Jumamosi nikaeleze. Nikikiri, kazi imekwisha, na sioni mwanamke atakayekaa na mtu aliyemwacha baba yake achekwe hivyo. Nikishikilia uongo, mzee atakufa na jina hilo. Na mizinga haipo, hata niseme lolote. Ninyi mnaosoma, mngekuwa mimi mngesimama mseme lipi? Niambieni mapema. Tiketi nimeshakata, Ijumaa asubuhi naondoka, jioni nitakuwa Mabamba.